Robo ya Wananchi

Miaka ya tisini nilikuwa katibu wa kamati ya kijiji chetu, upande wa Michenga, na sifa yangu pekee ilikuwa mwandiko. Ndiyo maana suala la ghala liliangukia mikononi mwangu.

Ghala lilikuwa la ushirika, la enzi za pamba. Pamba ilikufa, ushirika ukafuata, dawa za kuua wadudu zikabaki ndani. Mapipa yalitoboka kwa kutu, magunia yakaoza, na kulizunguka ghala hapakuota hata ndago. Kila masika maji yalipita hapo kuelekea kisima cha shule. Tulikifunga kisima kwa seng'enge. Watoto waliipinda, wakaendelea kuteka.

Wafadhili walikubali kuchimbua udongo ule na kuufukia kwenye shimo la zege, kwa sharti moja: robo ya gharama itoke kwa wananchi. Fedha hatukuwa nazo, na wao walijua. Barua yao ilisema robo hiyo inaweza kuwa ardhi ya kuchimba shimo, ilimradi isifikiwe na mafuriko. Nilicheka niliposoma. Anayeomba ardhi isiyofurika katika bonde la Kilombero hajawahi kulala huku mwezi wa nne.

Mwenyekiti alikuwa na jibu. Mtaalamu wa wafadhili alipofika mwezi wa tisa, ardhi ikiwa imepasukapasuka kwa ukavu, alimpeleka kwenye uwanja mpana karibu na mto.

"Hapa panafaa," mwenyekiti alisema. "Maji hayafiki."

Wanakamati tuliitikia kwa vichwa. Mtaalamu, mtu wa haraka mwenye buti safi, alipima akaandika. Mimi niliangalia chini. Nyasi zilijaa makombe ya konokono, na kwenye shina la mkuyu mstari wa tope la masika ulinifika kifuani. Shimo lingejaa maji, na sumu ingetawanyika kijiji kizima badala ya kisima kimoja.

Nilijua kwa nini wenzangu wananyamaza. Sehemu pekee iliyobaki kavu kila mwaka ilikuwa kiinuko cha mama yangu: ekari moja na nusu, nyumba, migomba, na kaburi la baba. Masika yakizidi, wote walihamishia pale kuku na magunia yao ya mpunga. Walikuwa wananistahi, nami nikawaacha wanistahi.

Fomu ya kutaja ardhi tunayotoa nilitakiwa kuipeleka Ifakara Jumatatu. Jumapili, baada ya misa, nilikwenda kwa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekuja na uso wa kuomba."

Nikamweleza yote, pamoja na habari ya konokono. Aliendelea kupepeta mchele.

"Nikikataa, utaandika lile eneo la mtoni?"

"Nimeshaliandika."

Aliweka ungo chini. "Lifute," alisema.

Niliona aibu, kwa sababu nilikuwa nimekwenda nikitumaini atakataa. Angekataa, ningeipeleka fomu kama ilivyo, na lawama ningemwachia yeye.

Bwana ardhi wa wilaya alikipima kiinuko, na thamani yake ikatosha robo nzima. Wanakamati walifurahi kwamba hakuna atakayedaiwa kitu kingine, hata siku moja ya kubeba mchanga. Nyumba ilibomolewa, mama akahamia kwa dada yangu, mtaa wa Mlabani mjini Ifakara, kwenye vyumba viwili vya kupanga ambako hapakuwa na mahali pa kupandia hata mchicha. Hakulalamika mbele yangu. Dada aliniambia kwamba alikuwa akilalamika kwake.

Udongo ulihamishwa, na mwaka uliofuata maji yakapimwa, kisima kikafunguliwa. Shimo lilizungushiwa uzio, kaburi la baba likabaki ndani. Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, nilimleta mama, na mlinzi akatufungulia geti. Palikuwa na kibao. Mama hakujua kusoma, akaniuliza kimeandikwa nini.

Nikamsomea: hatari, usichimbe, usilishe mifugo, eneo hili limetolewa na wananchi.

"Wananchi gani?" aliuliza.

Kibao kile nilikiandika mimi, kwa ule mwandiko wangu mzuri.