Kofia Yangu ya Ijumaa Chini ya Bamba

Jamani, leo nusura niende msikitini kichwa wazi!

Asubuhi niliitwa Itetemia kwa Bi Tausi, mama anayebana maboksi chakavu kwa mashine ya haidroliki. Vali yake, ile yenye mkono wa kuamuru bamba la kukandamiza lipande au lishuke, ilikuwa imekwama.

Nikaifungua, nikaisafisha.

Nikakuta mipira miwili ya kupitishia mafuta imefungwa kinyume. Nikaifunga inavyotakiwa, nikajisifu moyoni, Mungu anisamehe. Kumwambia mwenye mashine, nikasahau.

Nikavua kofia, nikaiweka juu ya maboksi mle ndani ya mashine huku nayapanga.

"Bi Tausi, hebu pandisha bamba juu kabisa."

Akavuta mkono wa vali kama alivyozoea miaka yote.

Bamba likashuka!

Nilichomoa vidole vyangu vyote, alhamdulillah. Kofia ikabaki.

"Fundi, umeniharibia mashine!"

"Mama, nimeitengeneza. Sasa ndiyo iko sawa."

"Sawa kwa nani? Anayeishika kila siku ni mimi au wewe?"

Ana haki. Mkono wake umezoea vile, na siku akijisahau, vidole vitakavyobanwa ni vyake. Nikarudisha mipira kinyume, nikamchorea na mishale kwa rangi nyekundu. Mafundi wenzangu, semeni, nimekosea?

Kofia ilitoka bapa kama sahani. Nikaikunjua, nikaivaa hivyohivyo.

Msikitini jirani yangu akaninong'oneza: "Sheikh, kofia imenyooka hiyo! Unampelekea dobi gani?"

Nimemwelekeza Itetemia.