Hori la Koridoni

Baridi ile ya mwaka 2008, theluji ilipoyeyuka kwenye viatu vya wapangaji wa jengo la Crescent Town, huko ughaibuni, bibi wa mlango wa pili hakuyakausha maji ya koridoni upesi. Aliyavuta taratibu kwa kitambaa mpaka yakajikunja kama hori, ule mkono wa bahari uingiao nchi kavu, la mji alikozaliwa. Kisha akawa anaonyesha kwa kidole:

"Hapa palikuwa na mikoko, wakaikata yote. Hapa mashamba ya chumvi. Ukingoni hapa tuliwazika wa kipindupindu."

Jioni moja Otilia, mpangaji mwenzake, mtu wa bara kutoka Songea, alitaka kuyaruka maji hayo, bibi akamzuia.

"Vua viatu, mwanangu. Kwetu hori halivukwi kwa viatu, kuna watu wamelala."

Otilia akavua buti, akainua sketi, akavuka polepole. Maji yalitosha kulowesha soksi tu, lakini angeapa yalimfika magotini.