Bibi Aliponiita Mwizi

Bibi yangu aliniita mwizi mbele ya wageni wa mradi, nao wakaandika. Nalisema mapema msije mkadhani nawasimulia habari za mtoto mtukutu aliyetubu. Mimi sikuwa mtukutu. Nilikuwa na mdomo, hilo sikatai, na mpaka leo ninao.

Tulikaa kijiji kimoja upande wa Ziwani, huko kusini, mimi na bibi mzaa mama, miaka ile ya mwanzoni mwa elfu mbili ambapo gesi ya Mnazi Bay ilikuwa bado habari ya redioni. Mama aliolewa ng'ambo ya Ruvuma akaniacha kwa bibi nikiwa mdogo. Darasa la saba nilimaliza, sikuchaguliwa kuendelea, nikashika jembe: mihogo, na mikorosho ya bibi iliyokuwa imechoka kuliko yeye mwenyewe. Babu alishakufa siku nyingi. Lakini kwa desturi yetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, basi tulimgombea marehemu kana kwamba yuko chumbani amelala. Asubuhi bibi ananiamsha: "We mke mwenza mchafu, umemficha wapi mume wangu?" Nami namjibu: "Kakukimbia, kasema unakoroma." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Neno zuri juu yangu sikuwahi kulisikia kinywani mwake, wala sikulitamani. Siku asiponitukana ndiyo siku niliyojua anaumwa.

Sasa, mradi. Ulikuja mradi wa vijana, ofisi yake mjini, Ufukoni. Walikuwa na nafasi chache za kusomesha vijana ufundi katika chuo cha mjini, bure, na malazi juu yao. Niliomba umeme. Mtendaji wa kijiji aliponiuliza kwa nini nisiombe ushonaji kama wasichana wenzangu, nilimwambia sijaona cherehani ikiwasha taa. Alicheka, akanipitisha. Nilikuwa siwazi kitu kingine. Usiku nalala na chuo, mchana napalilia na chuo. Kilichobaki ni wageni waje kukipima kijiji chenyewe: mambo gani hapa yanawaponza vijana, na mambo gani yanawakinga.

Wakaja. Waligawa watu kwa rika: wazee wa kiume peke yao, vijana peke yao, wanawake watu wazima peke yao. Kina bibi waliketi jamvini kwenye baraza ya ofisi ya kijiji, nami nikawa napeleka maji ya kunywa, kisha nikajibanza pembeni na hakuna aliyenifukuza. Aliyeongoza maongezi alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, anajua kukaa na watu. Ubavuni mwake alikaa kijana wa kuandika. Nilimsikia akimwagiza: andika kama linavyosemwa, usiongeze, usipunguze.

Nini kinawaponza vijana? Wanawake wakataja uraka, pombe ya mabibo, kwamba msimu wake ukifika hata watoto wa shule wanayumba njiani. Wakataja kibanda cha video chenye jenereta. Mmoja akasema wavulana wakishatoka jando hawalali tena nyumba moja na mama zao, wanajengewa vibanda vyao, na nani ajuaye kinachofanyika humo? Nini kinawakinga? Madrasa, wakasema. Mpira. Mjomba, akasema mwingine, maana kwetu mtoto akiharibika anaulizwa mjomba kabla ya baba. Yote yalikuwa kweli, na yote waliyasema kwa ile sauti ya kumjibu mgeni. Bibi alikuwa anasinzia.

Ndipo yule mama akasema: "Basi nipeni mfano. Yuko kijana gani hapa ambaye tabia yake inawasumbua?"

Jamani! Swali gani hilo? Umtaje mtoto wa mwenzio, tena inaandikwa, halafu kesho mkutane kisimani? Vijana wakorofi tulikuwa nao, na mama zao walikuwa wamekaa palepale. Kila mtu akatazama jamvi. Kimya kikawa kirefu mpaka kikaanza kutia aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya kijiji kizima, kushindwa kumjibu mgeni. Bibi akafumbua macho. Alielewa mara moja. Mtu pekee ambaye angeweza kumtaja bila kuleta ugomvi na mtu yeyote alikuwa mimi.

"Huyo hapo!" akasema, akaninyooshea fimbo. "Mke mwenzangu huyo. Mwizi! Kuku wangu kawamaliza. Uraka anakunywa mpaka analala mlangoni. Na nyie ndio mnataka kumpa waya za umeme? Ataziuza zote, anunue uraka, amnyweshe mume wangu!"

Jamvi zima likaangua kicheko. Wanawake walicheka mpaka khanga zikawavuka vichwani. Nami sikukubali kushindwa: "Kuku wenyewe wamekufa kwa njaa, bibi bahili wewe!" Wakacheka tena. Mtendaji, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka mpaka akakohoa. Yule mama alicheka, na kijana wake alicheka huku anaandika. Aliandika kila neno, kama alivyoagizwa. Kicheko hakukiandika.

Mvua zilipoanza mtendaji akaja nyumbani. Hakukaa. "Jina lako limekatwa," akasema. "Afisa wa mjini amesoma ripoti. Anasema mradi hauwezi kumsomesha mwizi na mlevi."

"Mwizi wa nini? Si ulikuwepo wewe? Si ulicheka mpaka ukakohoa?"

"Nilikuwepo. Nimemwambia. Anasema kilichoandikwa kimeandikwa."

Nilimtukana mtendaji, nikaitukana ofisi yake, nikaupiga teke mtungi ambao haukuwa na kosa lolote. Bibi alikaa kizingitini akisikiliza. Nilingoja aniambie kitu, aniite mke mwenza mwenye hasira za bure, chochote. Aliinuka akaingia kulala. Asubuhi aliniita kwa jina langu. Sikumbuki kama aliwahi kuniita hivyo. Akasema: "Nitafutie khanga ile mpya. Twende huko mjini."

Hapa lazima niseme jambo ambalo hakuna mtu kijijini aliyelijua. Bibi aliwahi kuanguka shambani, na tangu hapo mkono mmoja ulikuwa dhaifu na mkojo ulikuwa haumsikii. Alipopona kidogo alirudi barazani na fimbo yake na ulimi wake uleule, na watu wakaona kapona. Kwa hiyo akitaka kwenda mahali popote alikuwa hanywi maji kuanzia jana yake. Siku ile tulipanda lori lililobeba mihogo, jua kali, na midomo yake ilikuwa imekauka ikapasuka. Nilimpa chupa. Akaisukuma.

Afisa alikuwa kijana wa tai, hana kiburi. Alisimama, akasema shikamoo, akamvutia bibi kiti. Bibi akaitikia, akaketi, akaanza kwa Kiswahili chake kizito cha Kimakonde: "Mwanangu, ule ulikuwa utani. Huyu ni mjukuu wangu. Mimi nisipomtukana yeye nimtukane nani?"

"Bibi, utani naujua, hata mimi nina bibi," afisa akasema. "Lakini kijana akishakosa nafasi, ndugu wote huja hapa wakasema ulikuwa utani. Wiki hii wewe si wa kwanza. Nafasi ni chache na waliokosa ni wengi. Nitajuaje?"

Nikafungua mdomo. Bibi akanigonga mguu kwa fimbo, nikaufunga.

"Huyu hanywi," akasema. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, mtu ambaye matusi yalimtoka bila kufikiri. "Haibi. Analima. Ana heshima."

"Ndivyo wanavyosema wote, bibi."

Sikupenda kumsikia akinisema vile. Kwetu maneno ya namna hiyo mtu anasemewa akishafunikwa sanda. Niliona baridi kabisa, na mji wote ulikuwa unachemka kwa joto.

Bibi alitazama mlango, ambao ulikuwa wazi, na karani mwanamume kwenye meza ya pili.

"Andika," akasema. "Mimi sijizuii mkojo."

"Bibi!" nikasema.

"Nyamaza wewe. Andika, mwanangu, si mnaandika kila kitu? Tangu nianguke sijizuii. Huyu ndiye ananiosha, asubuhi na jioni, kama mtoto. Anafua vitambaa alfajiri, anavianika ndani, majirani wasione. Binti yangu mwenyewe hajui. Kijijini hajui mtu. Tukigombana anao mdomo mchafu kunizidi, na hili hajawahi kulitoa, hata kwa hasira. Mtu wa hivyo ndiye atauza waya zako?"

Karani aliinamisha kichwa. Bibi yangu, aliyekuwa anakaa na kiu safari nzima ili dunia isijue, alikuwa amelisema mbele ya wanaume wawili asiowajua, kwa sauti kubwa, kwa ajili ya nafasi yangu. Nilitaka kumziba mdomo. Nilitaka kumbeba tukatoka.

Afisa alivuta karatasi ya majina, akashika kalamu. Halafu akauliza, kwa upole kabisa, nami sijamsamehe mpaka leo ingawa hakuwa na nia mbaya: "Na akija huku chuoni, bibi, nani atakuosha?"

"Hilo haliko kwenye karatasi yako," bibi akasema. "Andika jina lake."

Akaliandika. Nikatoka nje nikaegemea ukuta nikalia kwa sauti, watu wanapita wananitazama, na sikulia kwa furaha. Jibu la swali lile nilikuwa nalijua: hakuna mtu. Bibi naye alikuwa analijua kabla hatujapanda lori.