Neno la siri nimempa, na Kabula bado yumo

Leo mwanangu amekuja kumfuta dada yake, na hata shikamoo hakunipa.

Wengi wenu mnajua nilifundisha kuandika programu za kompyuta hadi mapafu yakagoma. Programu yangu ya mwisho ni ya ukoo wetu, inaonyesha nani ni mtoto wa nani. Imo kwenye kompyuta kando ya kitanda, hapa Kambarage.

Mwanangu huyo, Masanja, ametoka Katoro mbiombio, aniwahi kabla sijafa.

"Mzee, mtoe Kabula. Mama yake hukumtolea ng'ombe wa mahari. Kwa mila zetu, huyo ni wa kwa wajomba zake."

Kabula alikuwa palepale, ananinywesha uji.

"Nipe neno la siri," Masanja akasema.

Nikampa. Ndiyo, nimempa!

Akabofya jina la Kabula. Akabofya tena. Halikufutika.

Sasa naungama, maana sina muda: nilimpa kwa ubaya, nimwone akihangaika. Neno lile linafungua kusoma tu. Jina la baba huandikwa mara moja, mtu anapoingizwa. Njia ya kulibadili, au ya kumfuta mtu, sikuijenga, hata kwa ajili yangu.

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Inawezekana. Anzisha ukoo mpya, Kabula usimwandike."

Akatabasamu, mjinga yule.

"Ila programu haimpokei mtu asiye na baba. Ukifika kwenye jina lako, pale pa baba usiandike jina langu."

Kabula akaangusha kijiko.

Masanja yuko uani mpaka sasa, anasubiri nimwite. Simwiti.

Wazazi wenzangu, nimemwonea?