Maji ya Mifupa

Waithira alizaliwa Tetu, ambako maji ya mto ni matamu na watu wanacheka mdomo wazi. Aliolewa na ndugu yangu huku kwetu Kieni, upande mkavu wa mlima, tukampa maji ya kisima cha mashine. Kwa macho ni safi kabisa. Lakini yana floraidi nyingi, inayoharibu meno ya mtoto yakiwa bado ndani ya ufizi. Kifungua mimba wake, Kagure, aliota meno ya kahawia kama yetu sote, na tangu aanze shule hucheka akiwa amefunika mdomo kwa kiganja.

Alipozaliwa Nyawira, mwaka wa tisini na moja, Waithira aliapa kwamba huyu atakuwa na meno ya Tetu.

Bahati ikaja, au tulidhani ni bahati. Watu wa mradi walileta ndoo zilizojaa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa na kusagwa. Ukimimina maji juu yake, mifupa inaishika ile floraidi. Wengi walikataa. Kanisani walimwita Waithira Mama Mifupa, naye hakujali.

"Mama, hii si kitu ya kutupa," Gatobu, ofisa wa mradi, alimwambia. "Ikichoka inaoshwa, inarudi kazi."

"Inaoshwa na nini?"

"Iko na dawa yake. Tutakuja kuosha wenyewe."

Hawakuja. Ufadhili uliisha, gari lao likahamia wilaya nyingine. Waithira alingoja weee, kisha akafanya jambo ambalo mama yeyote angefanya akiambiwa kitu kinaoshwa. Sabuni ya unga, maji moto, jua kali juu ya gunia. Kila msimu aliiosha mifupa ile kwa bidii ambayo mpaka leo inanichoma moyo. Maji yalitoka yaking'aa.

Meno ya utoto ya Nyawira yalikuwa meupe pepepe, lakini hata ya Kagure yalikuwa hivyo. Tulingoja ya ukubwa. Yakatokea mawili ya mbele, kahawia, yenye vishimo.

Gatobu alirudi mwaka uleule na wageni wapya. Akamtazama mtoto mdomoni.

"Sabuni inatoa uchafu tu, mama. Hiyo mifupa ilijaa kitambo."

"Na hiyo dawa yenu ni gani?"

"Ni magadi makali tu, yale ya kupikia sabuni."

"Inauzwa wapi?"

"Hata hapo Nyeri mjini."

Waithira alikuwa akienda Nyeri kila siku ya soko, kuuza viazi. Gatobu akawaeleza wageni wake kwamba wananchi hawakufuata maagizo, na sisi tumesimama hapo hapo. Natamani ningemmwagia ile ndoo kichwani.

Jioni niliwakuta wasichana uani. Kagure alikuwa ameushika mkono wa mdogo wake, anamwonyesha namna ya kuuweka mdomoni kabla kicheko hakijatoka.