Papai Bichi Katika Chungu cha Mama Mkwe

Mimi papai bichi naliogopa hadi leo. Nikiona mtu analimenya, na ule utomvu mweupe unamchuruzika vidoleni, najisingizia shughuli na kuondoka. Wajukuu hunicheka. Wacheke tu.

Niliolewa mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika boma moja karibu na Nyakoe. Mama mkwe alikuwa bingwa wa mipapai. Alimwaga mbegu nyingi kando ya jaa la majivu nyuma ya jiko, akaiacha miche ikue mpaka itoe maua. Hapo ndipo aliposhika panga na kufyeka midume, ile yenye maua yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu, akabakiza mmoja tu kwa ajili ya majike. Mapapai yaliyoiva aliyauza sokoni. Mbegu walitafunishwa watoto wenye minyoo, wakikunja nyuso. Mabichi yalikuwa na kazi yake, na kazi hiyo mimi sikuijua.

Nilikuwa nimeshaharibikiwa na mimba moja. Mama yangu mzazi alinishika mkono akaniambia, "Ukipata nyingine, papai bichi usilitie mdomoni. Linatoa mimba." Nilipopata ya pili, sikumwambia mtu hapo nyumbani. Mke kijana hakwenda kumtangazia mama mkwe habari za tumbo lake. Angeonekana hana haya. Ulinyamaza, ukasubiri tumbo lijiseme lenyewe.

Tulikuwa Wasabato, kwa hiyo chakula cha Sabato kilipikwa Ijumaa kabla jua halijatua. Ijumaa moja mama mkwe alipika nyama mimi nikiwa shambani nachuma chai. Kesho yake wageni wakaja kutoka kanisani, nikakaa na wanawake jikoni, nikala kweli kweli, kwa kuwa mimba ile ilikuwa na njaa kuliko mimi.

"Ng'ombe mzee namna hii umemlainishaje?" mgeni mmoja akauliza.

"Nimemtilia papai bichi," mama mkwe akajibu, anacheka. "Vipande vichache tu, hata mfupa unalegea."

Hata mfupa unalegea! Niliwaza vile vifupa vilivyokuwa tumboni mwangu, ambavyo hata havijakomaa, nikalitema tonge kiganjani. Nikasema nimepaliwa.

Tangu hapo niliishi kwa hofu. Kila nilipoenda chooni niliikagua nguo yangu kabla ya kupumua. Kiuno kikiuma kidogo tu, nilijua ndiyo hiyo inatoka. Na chakula cha mama mkwe sikukigusa tena. Nilichoma ndizi zangu, nikala peke yangu nyuma ya nyumba.

Sasa, mwenye akili ataona nilivyojiingiza motoni. Mke anayekataa chakula cha mama mkwe anasema jambo moja tu, na halihitaji mdomo: huyu mama ana sumu. Wanawake kisimani walianza kunyamaza mama mkwe akifika. Nikaliona hilo, nikaogopa mara mbili. Mimba ingetoka, wangesema amenilisha kitu, naye angejua ni mimi niliyemtia doa.

Siku moja aliingia kwangu na sahani ya ugali na mboga. Akakaa, akamega, akala mbele yangu, akameza.

"Umeona?" akasema. "Nimekula. Sasa niambie, mwanangu, mkono wangu una nini?"

Sauti yake ilikuwa inakatika. Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia yote, nikilia: mimba, maneno ya mama yangu mzazi, nyama ya Sabato.

Alitazama tumbo langu, kisha mikono yake, akatoka bila sahani.

Hakuweka tena papai kwenye nyama, tukatafuna ng'ombe wazee mpaka taya zikauma. Kila asubuhi alikuja mlangoni kwangu. "Umeamkaje?" angeuliza, lakini hakunitazama usoni, alitazama miguu yangu, kama kuna damu. Hilo lilinitisha kuliko papai lenyewe. Nilitaka aniambie hakuna neno, yeye mtu mzima aliyezaa na kuzika. Hakusema hata mara moja.

Uchungu ulinishika mchana, mvua ya mawe ikipiga mabati. Mkunga, jirani yetu, alimwita mama mkwe aje anishike mabega. Akakataa kuingia. Nikawaza kwamba bado ana kinyongo na mimi.

Mtoto alitoka kimya. Mkunga akampiga makofi mgongoni, akampiga tena. Sijawahi kusikia kimya kama kile, na mawe yote yale juu ya bati. Kisha mtoto akalia.

Nje ya mlango nikasikia mtu anatapika. Mkunga akachungulia.

"Ni mama mkwe wako," akasema. "Amepiga magoti kwenye mvua, ananiuliza kama mtoto ana mifupa."