Beki wa Ghorofa ya Pili

"Yule Mfaransa wa juu ana kiburi," Yvette alimwambia jirani yake Nsimire, wakianika nguo nyuma ya fleti zao za Cabramatta, Sydney. "Jumapili nimempelekea sahani ya sombe, Jumatatu ananiuliza mimi ni nani! Ati amecheza Ulaya, basi sisi wengine ni majani."

Nsimire alimhamishia mwanawe Divine kwenye bega la pili. Yeye huosha na kulisha wazee katika nyumba moja ya Parramatta. Macho kama ya yule jirani wa juu alikwisha kuyaona huko, wala hayakuwa ya kiburi.

Lakini Rénovat, huyo Mfaransa, hakuwa mzee. Miaka arobaini na saba tu. Alizaliwa Bujumbura, akakulia Lille, akawa Mfaransa kwa pasipoti, akacheza beki wa kati miaka kumi na minne katika timu za daraja la pili. Mbio hakuwa nazo. Mkate wake ulikuwa kichwa: krosi ikija, kona ikija, yeye juu. Mazoezini kocha alimrushia mipira sitini, naye akairudisha yote. Akizirai alimwagiwa maji, akainuka, watu wakapiga makofi. Sydney alikuja kumalizia mpira katika klabu ndogo, kisha akaendesha lori la makontena bandarini Port Botany, hadi siku alipopotea kwenye njia aliyoipita miaka sita. Waajiri wakamnyang'anya funguo.

Jioni Nsimire alimpandishia uji. Alimkuta mezani, ameshika picha ya msichana mdogo.

"Binti yangu, Arakaza. Anakuja Jumamosi."

"Mungu asifiwe, Papa Arakaza! Huyu mdogo hivi anasafiri peke yake?"

"Hapa alikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa ni mtu mzima." Alifuta picha kwa kidole gumba. "Daktari anasema ni ile mipira, imenila kichwa. Juzi binti alinipigia video. Nikamuuliza, mademoiselle, unamtafuta nani? Akalia, akakata."

Uji ulianza kushika utando. Nsimire alimsogezea bakuli.

"Mama..." Jina la Divine lilimkataa Rénovat. "Mama wa mtoto, nitakupa picha mpya ya binti yangu. Twende wote eapoti. Usimame mbele yangu, na ukimwona, mwite kwa jina, kwa sauti kubwa, kama wewe ndiye uliyemkumbuka sana. Nijue ni yupi wa kumkumbatia."